Dawa Haitangazwi Jukwaani



Yapo mambo ambayo amri ya mtawala haiyawezi. Mtawala aweza kuamuru mkutano uvunjwe, gazeti lipigwe marufuku na mpinzani atiwe kizuizini. Hawezi kuamuru homa ishuke. Hata hivyo, mwaka 1990 Wakenya tulitakiwa tuamini kwamba ugonjwa ulioitoa dunia jasho ulikuwa umepatiwa dawa jijini Nairobi, na sauti iliyotuhakikishia jambo hilo ilikuwa ya Rais Daniel arap Moi.

Nazungumzia Kemron. Aliyekuwa mtu mzima miaka ile hajaisahau. Kemron ilikuwa interferoni ya alfa, protini ambayo mwili huitengeneza wenyewe unaposhambuliwa na virusi. Hospitalini interferoni ilizoeleka kudungwa kwa sindano, kwa vipimo vya mamilioni ya yuniti. Kemron ilikuwa kipimo kidogo mno, cha kuyeyushwa mdomoni. Wazo hilo lilitoka kwa daktari wa mifugo wa Texas, Marekani, Joseph Cummins, aliyekuwa ameijaribu njia hiyo kwa wanyama. Watafiti wa taasisi yetu ya utafiti wa kimatibabu, KEMRI, wakiongozwa na Dkt. Davy Koech, waliwapa wagonjwa wa UKIMWI. Mwaka huohuo wa 1990 wakaandika katika jarida la kitabibu kwamba wagonjwa walipata nafuu, na kwamba baadhi yao vipimo vyao vya damu viligeuka vikaonyesha hawana virusi.

Mimi ni mwanasheria, si daktari. Lakini dosari ya utafiti ule hata karani wa mahakama angeliitambua: kesi ilisikilizwa upande mmoja. Hapakuwapo kundi la wagonjwa wa kulinganishia. Mgonjwa aliyekata tamaa, akipokewa vyema, akapimwa kila mara na kuambiwa kwamba dawa imepatikana, aghalabu hujihisi nafuu kwa muda. Je, nafuu hiyo imeletwa na dawa au na tumaini? Swali hilo madaktari walikuwa wamekwisha kulipatia njia ya kulijibu. Tangu jaribio la streptomisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, utaratibu unajulikana: wagonjwa wanagawanywa kwa kura, kundi moja linapewa dawa mpya, jingine linapewa matibabu ya kawaida au tembe isiyo na dawa ndani yake, na inapowezekana, mgonjwa wala daktari wake hajui nani amepewa nini mpaka hesabu ifungwe. Sisi wanasheria tungeuita usikilizaji wa haki.

Kemron ilitangazwa kabla haijasikilizwa hivyo. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka huohuo kwamba dawa hiyo ilikuwa bado ya majaribio na manufaa yake hayajathibitishwa. Majaribio yaliyofuata hayakuyaona maajabu ya Nairobi. Nchini Uganda mamia ya wagonjwa waligawanywa kwa kura, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2000, yakaonyesha kwamba waliopewa interferoni kwa njia ya mdomo hawakuwashinda waliopewa tembe tupu. Ilichukua miaka kumi kupata jibu ambalo lingalipaswa kutafutwa kabla ya sherehe. Katika miaka hiyo kumi, nani alihesabu mashamba yaliyouzwa? Nani alihesabu vijana walioamini kwamba tiba ipo, kwa hiyo hapana haja ya kujihadhari?

Najua jibu la watetezi, maana tulilisikia hata katika vikao vya kanisa: wazungu walituonea kijicho, hawakutaka Mwafrika awe wa kwanza. Nitalijibu bila dharau, kwa kuwa dharau waliyoilalamikia haikuwa ya kubuni. Mwaka 1996 madaktari waliokutana Vancouver, Kanada, walielezwa kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja humrudisha mgonjwa wa UKIMWI kutoka mlango wa kaburi. Lakini bei yake ilikuwa takriban dola 10,000 kwa mwaka, na kwa Mwafrika wa kawaida hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Ni mpaka Februari 2001 ndipo kampuni ya Cipla ya India ilipojitolea kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, na mwaka huohuo Bunge letu likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu.

Basi mwenye hasira ana sababu ya kuwa na hasira. Lakini hasira si ushahidi. Waliolala katika wodi za Uganda walikuwa Waafrika wenzetu, wala hakuna kijicho cha mzungu kilichowazuia kupona. Tena ulimwengu ulikuwa umekwisha kujifunza kutoka kwetu. Mwaka 1972 majaribio yaliyofanywa na mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, kwa wagonjwa wetu wenyewe, yalionyesha kwamba kifua kikuu kilichokuwa kikitibiwa kwa miezi 18 chaweza kutibiwa kwa miezi sita, mgonjwa akipewa rifampisini pamoja na dawa nyingine. Dunia ilikubali, kwa sababu kazi ilifanywa waziwazi, kwa kura na kwa mlinganisho. Aibu ya habari hiyo ni nyingine: rifampisini ilikuwa ghali, na kwa miaka mingi wengi wa maskini wa nchi zilizolithibitisha jambo hilo waliendelea kumeza dawa za miezi 12 na 18.

Sasa tujiulize kwa nini mwaka 1990 hakusimama mtu wetu akauliza swali dogo la mlinganisho. Ulikuwa mwaka gani ule? Mwezi wa Julai Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini, na Saba Saba wananchi walipigwa Kamukunji kwa kutaka vyama vingi. Dawa ikishazinduliwa na Rais, anayeitilia shaka anaonekana amemtilia shaka Rais. Daktari wa serikali ana watoto wa kusomesha. Mhariri ana leseni ya kulinda. Hivyo ndivyo kimya kinavyoingia wodini. Mahali ambapo mtawala haulizwi kuhusu kura, hataulizwa kuhusu tembe.

Wala tusijidanganye kwamba kufutwa kwa kifungu cha 2A mwezi Desemba 1991 kuliiponya tabia hiyo. Mwaka 1996 ilitangazwa dawa nyingine ya UKIMWI humu nchini, Pearl Omega, nayo ikanunuliwa na waliokata tamaa kabla ya kuthibitishwa. UKIMWI wenyewe haukutangazwa kuwa janga la taifa mpaka Novemba 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini. Na sisi watu wa kanisa tusiwanyoshee wanasiasa kidole peke yao. Mwaka 2011 tulijaza magari kuelekea Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu, na wapo walioacha dawa za hospitali. Mchungaji alitoza shilingi 500 tu. Gharama kubwa ilikuwa ya yule aliyeacha tiba.

Sheria tunayo. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na kifungu cha 7 kinakataza mtu kufanyiwa jaribio la kitabibu bila ridhaa yake. Katiba ya 2010 inatupa haki ya habari katika kifungu cha 35 na haki ya afya katika kifungu cha 43. Kinachopungua ni wa kuzidai. Kwa hiyo tudai:

1. Pasiwe na dawa itakayotangazwa na kiongozi yeyote, wa siasa au wa dini, kabla ushahidi wake haujachapishwa na kukaguliwa na watu huru.

2. Mgonjwa anayeombwa kushiriki katika utafiti aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akikataa asinyimwe matibabu yake ya kawaida.

3. Matokeo ya kila utafiti uliofanyiwa Wakenya yatolewe hadharani, yawe ya kufurahisha au ya kuaibisha.

4. Dawa ikithibitika kwa miili yetu, bei yake isiwe ukuta wa kutuzuia kuipata.

Ndugu, anayeuliza maswali kuhusu dawa hamchukii mgonjwa wala haisaliti nchi. Anamheshimu mgonjwa kiasi cha kutaka aambiwe kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Aliyeficha udhaifu wa dawa naye kilio kilimfichua, ila hakikutoka nyumbani kwake.