Wacheni kumkamua mtu wa boti Naivasha

Wasee, hizi video za kwenda kuvua bass Naivasha ni poa, lakini hiyo ya kujisifu vile ulikatia mtu wa boti bei hadi nusu imenichosha. Kwani ulidhani unalipia petroli?

Bass aliletwa hapo kutoka Marekani mwaka wa 1929, wazungu wapate mchezo wa ndoano. Anavizia kando ya mafunjo na magogo, na anapenda sana wale kamba wa maji baridi walioletwa 1970. Wewe ukitupa chambo popote utarudi na selfie tu. Mwenye boti anajua kona, anajua upepo wa mchana, na anajua viboko wamelala wapi. (Hiyo ya viboko pekee ningelipa mara mbili.)

Huku Kabras, anayejua samaki wa Nzoia wanakaa wapi hakufundishwa darasani, na hatumuulizi cheti. Mimi niliyeacha chuo naulizwa kila wiki!

Ukienda Desemba, uliza kwanza jaketi za kuokoa maisha ziko ngapi. Ukishaziona, lipa bei yake yote.