Aprili ya Ulaya Haitaki Jaketi Zito

Wasee, lile jaketi kubwa lililojaa manyoya, lile linalomfanya mtu aonekane kama godoro linalotembea, liacheni Nairobi. Nasema hivi nikijua kuna mtu tayari amelilipia. Kama unaenda Ulaya kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei, jaketi hilo litakuumiza mfukoni, litakula nafasi ya begi, na ukifika kule litakutesa.

Shida inaanzia kwa wanaotushauri. Uliza jamaa aliyeishi Ujerumani, atakusimulia Januari, kwa sababu Januari ndiyo iliyomnyoosha. Mwingine alienda kutembea Agosti, akarudi na picha za kaptura. Wote wawili wanasema ukweli na hakuna anayekusaidia, maana Aprili si ya huyu wala ya yule. Wajerumani wenyewe husema Aprili hufanya inavyotaka, na Waholanzi wana msemo huo huo. Wenye bustani wengi kule Ujerumani hawahamishii miche ya nyanya nje hadi katikati ya Mei ipite, wakihofia baridi ya usiku. Sasa kama mwenyeji haiamini Aprili na mche wake wa nyanya, wewe wa Rongai unaiamini kwa nini?

Chukua London Marathon, mfano ambao Mkenya hahitaji kuelezwa. Tarehe 22 Aprili 2018 Eliud Kipchoge alishinda siku ambayo joto lilifika nyuzi 24, na hadi wakati huo hakukuwa na London Marathon yenye joto kama ile. Tarehe 23 Aprili 2023, marehemu Kelvin Kiptum alishinda kwa saa 2:01:25, barabara zikiwa zimelowa mvua. Jiji moja, wiki moja ya mwaka. Ungefunga begi gani? Waangalie wakimbiaji wa kawaida wakingoja kuanza: wamevaa masweta makuukuu juu ya nguo za mbio, na wakishapata joto wanayavua na kuyaacha pale pale. Hesabu ya Aprili ni hiyo tu. Nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, unavua na kuvaa kulingana na saa.

Halafu kuna kitu ambacho sisi hatukifikirii, kwa sababu nyumba zetu hazipashwi joto. Nairobi mwezi wa Julai, baridi ya nje ndiyo ya ndani. Unakaa na sweta kwa ofisi, kwa matatu, hadi kwa kochi ukitazama mpira. Kule baridi inaishia mlangoni. Nje ni nyuzi 7 na upepo, unaingia kwa treni au dukani, dakika mbili jasho linatiririka. Ukiwa umevaa jaketi zito na tisheti peke yake ndani, ama uchemke ama ubaki na tisheti. Ukitoka tena, upepo unakukuta umelowa, na baridi hiyo ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Begi langu mimi lingekuwa hivi: nguo za ndani za mikono mirefu zinazobana mwili, sweta moja jembamba la sufu, jingine zito kidogo, na koti jepesi lenye kofia lisilopitisha mvua wala upepo. Koti hilo ndilo mfalme, na liwe kubwa kiasi cha kumeza masweta yote mawili. Sufu hata ikilowa kidogo bado ina joto. Pamba ikilowa inakugeuka. Jinzi ni pamba, bana, ikinyeshewa asubuhi utatembea nayo mbichi hadi jioni, kwa hivyo moja inatosha. Marvin ya kufunika masikio haina uzito wowote. Leso pia beba, usicheke: barabarani ni skafu, kwa ndege ni blanketi, na jua likitokea unaitandika kwa nyasi. Mwavuli sina imani nao, hasa Uholanzi, upepo unaugeuza nje ndani. Na zile raba nyeupe mpya zina siku moja ya kuwa nyeupe. Beba jozi nyingine isiyoingiza maji.

Tafadhali pia tukumbuke Ulaya si mji mmoja. Mchana wa Aprili pale Seville hupita nyuzi 20 bila shida, na jioni ya Oslo bado inacheza karibu na sufuri. Angalia utabiri wa mji wenyewe siku tatu kabla ya kuondoka, na usome nyuzi za usiku, si za mchana peke yake.

Sasa pesa. Tangu Juni 2024 ada ya visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, zaidi ya shilingi 12,000, na ukinyimwa hairudi. Hapo hapo mtu anachukua mkopo wa simu anunue jaketi mall kabla hata visa haijatoka. Kwani haraka ya nini? Ngoja jibu, halafu amka mapema uende Gikomba au Toi wakati beli zinafunguliwa. Soma lebo ya ndani uone kama ni sufu kweli. Funga na ufungue zipu mara tano. Omba muuzaji akuruhusu kudondoshea begani matone ya maji: yakiteleza, anza kubishana bei; yakizama, lirudishe. Na kama unaogopa kuonekana umevaa mtumba, hakuna mtu Amsterdam atajua koti lako lilitoka Toi. Pengine lilitoka kwao.

Picha najua mtanitajia. Dada anataka gauni la maua katikati ya tulips za Keukenhof, na haki yake. Avae taiti nene chini, koti likae mkononi mwa mpiga picha, mambo yaendelee.

Ninaowaonea huruma ni wazazi. Binti amejifungua huko, anamwita mama yake akamsaidie na mtoto, na watoto waliobaki nyumbani wanachanga wamnunulie koti zito kuliko yote dukani, kwa mapenzi. Mama anafika, anakaa ndani ya nyumba yenye joto, na kila akitaka kutoka na mtoto anapigana na zipu ambayo vidole vyake havishiki. Mwisho anaacha kutoka. Mnunulieni koti jepesi la vifungo vikubwa, kadigani mbili anazoweza kuvua mwenyewe, na taiti za joto za kuvaa chini ya sketi. Mjaribisheni nyumbani kabla ya safari, avae na kuvua bila kusaidiwa.

Jambo la mwisho ni siku yenyewe ya kusafiri. Ndege nyingi zinazotoka JKIA usiku hutua Ulaya asubuhi, saa ambayo baridi bado ni kali, na begi lako kubwa liko chini kwa mizigo. Sweta na koti viwe mwilini au mkononi. Marvin na soksi kavu ziwe kwa begi dogo, begi kubwa lisipofika siku hiyo.