Ndege ya Kuundwa Nyumbani

Wasomaji wengi hudhani ya kuwa ndege huundwa katika viwanda vikubwa tu. Sivyo. Huko Marekani, kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon huuza vipande vya ndege ndogo, naye mnunuzi huviunganisha mwenyewe nyumbani kwake. Ndege za namna hiyo zilizokwisha kuruka zimepita 11,000. Basi kijana akiniuliza kama jambo hili lawezekana, humjibu: lawezekana, lakini kwanza mtazame fundi wa majahazi.

Hapa Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, ipo bandari ya kale ya majahazi. Fundi wa vyombo hivyo hana zana nyingi: shoka, tezo, msumeno, patasi, nyundo na keke. Lakini mwangalie atiapo msumari. Hana haraka. Kwanza hutoboa tundu kwa keke ili ubao usipasuke. Kisha huuviringishia msumari pamba iliyotiwa mafuta ili maji yasipenye. Ndipo apigapo nyundo.

Mwunda ndege naye kazi yake kubwa ni matundu. Mabati ya alumini huungwa kwa maelfu ya ribiti. Hapana budi awe na keke ya umeme, tupa laini, vibano vya kushikiza mabati kwa muda, na nyundo ya hewa ya kugongea ribiti, huku mwenziwe akishikilia kipande kizito cha chuma upande wa pili. Tena awe na spana yenye kipimo, ili kila nati ikazwe kadiri iliyoandikwa, isizidi wala isipungue.

Kila tundu likiisha kutobolewa, kingo zake zilainishwe. Makali madogo yaliyosalia ndipo ufa uanziapo. Mwaka 1954 ndege mbili za Kiingereza aina ya Comet zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania, wakafa watu 56. Wataalamu walipoyachunguza mabaki ya ile ya kwanza, waliona ya kuwa bati lilichoka likapasuka, na ufa ulianzia penye uwazi mdogo uliokatwa juu ya ndege. Kama ndege ya kiwanda kikubwa yaweza kuharibika hivyo, sembuse ya uani?

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Jizoeze kwa vipande vya bati visivyo na kazi kabla ya kugusa bawa. Ribiti iliyopinda ing'oe, usiihurumie. Tena andika kila siku kazi uliyoifanya, wala usifunike bawa kabla mkaguzi hajaona ndani yake. Kisha hapa Kenya usiruke bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chombo kikivuja, baharia huteka maji ya ngama akayamwaga, akafika pwani na kukitengeneza. Mwenye ndege hana pwani ya karibu. Ufa wake sharti auzibe angali chini, na tupa mkononi.