Nani Anayesema Katika Fomu Yako ya Safari?



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa ni la wasafiri na wakata tikiti tu, wala si la ukurasa huu. Nalo ni ile ruhusa ya safari ambayo siku hizi mtu huiomba kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka kwake, hata kama safari yenyewe ni ya siku kumi. Kilichotusukuma kuliandika ni tukio lililopita katika mtaa wetu, hapa Mombasa, na sisi tulikuwapo, tukasikia, tukanyamaza.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Zamani wageni wengi waliotaka kuingia Kenya walihitaji viza. Tarehe 12 Desemba 2023, Siku ya Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 viza itaondolewa. Mahali pake pakawekwa kibali cha safari cha kielektroniki, kinachojulikana kwa herufi zake eTA, nacho huombwa kabla mgeni hajapanda ndege. Kilipoanza kilikuwa dola 30 kwa kila mtu. Ndugu zetu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakutakiwa kukilipia, na katika mwaka 2025 wakasamehewa Waafrika karibu wote, isipokuwa wa Somalia na Libya. Basi ndugu yetu wa Unguja au wa Tanga hana haja nacho. Lakini jamaa zetu wenye pasipoti za Uingereza, za Kanada na za Marekani, na ni nani hapa pwani asiye na jamaa huko, hao ndio wahusika khasa. Mwenye pasipoti ya Kenya isiyopitwa na muda haombi ruhusa ya kuingia kwao.

Sasa tusimulie. Mwezi wa Novemba 2024 jirani yetu mmoja, mtu mzima sana, alishikwa na maradhi yaliyomlaza. Binti yake akaa Leicester na mumewe na watoto wawili, wa pili akiwa bado ananyonya. Pasipoti yake ya Kenya ilikwisha muda miaka mingi iliyopita, hakuishughulikia, na watoto walikuwa na za Uingereza tu. Kwa kuwa alikuwa na kazi na mtoto mchanga, akampigia simu mtoto wa kaka yake aliyeko hapa, akamwambia: "Mwanangu, nijazie wewe, wewe wayajua mambo haya." Akampelekea picha za pasipoti zao.

Kijana huyu ni mwanafunzi wetu. Alihitimu juzuu zake mbele yetu, na adabu yake hatuna la kuilaumu. Jioni moja baada ya Alasiri alikaa nasi barazani na simu yake, akijaza. Alipofika penye swali la mahali watakapofikia wageni, akasema kwa sauti: "Maalim, hapa waulizwa watafikia wapi. Nyumba ya babu haina nambari, na watu wasema ukiandika hoteli mambo huwa mepesi." Sisi tulikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Tukatabasamu. Naye akaandika jina la hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini ambayo hakupata kuvuka lango lake.

Ubaya wa kwanza ulidhihiri usiku wa kuamkia safari. Yule mama, katika kupanga karatasi zake, aliona vibali viwili: chake na cha mtoto mkubwa. Wa tatu hana. Kijana alidhani mtoto mchanga huhesabiwa na mama yake, kama zamani alivyoandikwa katika pasipoti ya mzazi. Sivyo. Kila anayesafiri kwa pasipoti yake huombewa kibali chake, hata awe ni wa siku arubaini. Maombi ya mtoto yakapelekwa usiku ule, na maombi haya huhitaji siku tatu za kazi au zaidi, na baina yake ikaingia Jumamosi na Jumapili. Tikiti zikabadilishwa kwa pesa nyingi. Wakaondoka baada ya siku tano.

Ubaya wa pili ulikuwa kiwanjani. Afisa akamwuliza kwa upole: "Mama, mwafikia wapi?" Akajibu kama mtu yeyote angejibu: "Kwa baba yangu." Afisa akatazama kioo chake, akamwuliza mara ya pili, akajibu vilevile. Mwanamke mkweli, aliyesema kweli mara mbili, akaonekana mwongo kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwa jina lake na asiyapate kuyasoma. Waliwekwa kando karibu saa mbili, mtoto akilia, mpaka kaka yake aliyekuwa nje akaitwa na jambo likaeleweka.

Siku ile ya kwanza aliyokuwa afike, mzee alikuwa bado akizungumza, akimtaja kwa jina na kuuliza kama ndege imeteremka. Alipofika, baba alimjua kwa mkono, si kwa maneno.

Ndugu zetu, tumelifikiri sana jambo hili, na twaona kwamba kosa halikuwa la kutojua simu. Vijana wetu wazijua simu kuliko sisi. Kosa lilikuwa ni kuidhania fomu kuwa ni kazi ya mkono tu, kama kubeba mzigo, ambayo yeyote aweza kumfanyia mwenzake. Ilhali fomu ni maneno. Ina msemaji na ina msikilizaji, na mwishoni mwake huwa muombaji anakiri kwamba yote aliyoyasema ni kweli. Nani aliyekiri hapo? Si kijana. Aliyekiri ni shangazi yake, aliyekuwa Leicester akimlaza mtoto.

Tazameni aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani tukufu, aya ya 282 ya Suratul-Baqara. Yazungumza juu ya kuandikiana deni. Mwenyezi Mungu ameamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, lakini anayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika ni yule mwenye haki shingoni mwake. Mwandishi ana kalamu; maneno si yake. Na ikiwa mwenyewe ni dhaifu au hawezi kutamka, basi walii wake ndiye atamke, naye pia kwa uadilifu. Fomu ya safari si hati ya deni, twalijua hilo, wala hatusemi kwamba hukumu zake ni moja. Twasema mpango wake ni mwema kuufuata: mjazaji asome swali, mwenyewe ajibu, mjazaji aandike alichojibiwa. Mtoto mchanga, mzazi wake amsemee. Bibi asiyeona vizuri, asomewe swali kwa swali kwa lugha aijuayo, asiambiwe tu, "Bibi, tia kidole hapa."

Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwatajia masahaba madhambi makubwa zaidi. Alikuwa ameegemea. Alipofikia ushahidi wa uongo aliketi, akalikariri neno lile mpaka masahaba wakatamani lau angenyamaza. Mwalimu anayesomesha hadithi hiyo kila mwaka, kisha akatabasamu mbele ya uongo mdogo wa fomu, ana lake la kujibu. Twajisema wenyewe.

Kufikia kwa jamaa si kosa katika sheria ya nchi, wala hakuna haja ya kukuficha. Ni kweli nyumba zetu nyingi za mji wa kale na mitaa ya zamani hazina nambari. Basi liandikwe jina la mwenyeji, mtaa, njia na msikiti ulio karibu, pamoja na nambari ya simu ambayo itajibiwa siku ya kufika. Na mgeni awe ameyasoma hayo kabla ya kuondoka, naye aweke nakala ya fomu yake yote, si ile karatasi ya kibali peke yake.

Jambo jingine linalotusumbua sisi watu wa pwani ni majina. Mtu ameandikwa Aisha katika pasipoti, na tangu utotoni hakuitwa ila Mwanaisha. Mwingine huitwa kwa jina la babu, na pasipoti yalionyesha jina la baba mwisho. Wazee kadha wa kadha tarehe zao za kuzaliwa ziliandikwa kwa kukisiwa. Katika fomu hakiandikwi tunachokijua sisi. Huandikwa kilichomo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Hapo hapana uongo, kwa kuwa swali ni juu ya pasipoti. Na itazamwe tarehe ya mwisho ya pasipoti, maana Kenya yataka iwe na miezi 6 mbele tangu siku ya kufika.

Mama zetu wanaofunika uso huona uzito wa kwenda dukani kupigwa picha. Maombi ya Kenya hukubali picha iliyopigwa nyumbani kwa simu, maadamu uso waonekana wote. Basi na apigwe na binti yake au mumewe. Lakini picha ile, pamoja na ile ya pasipoti, ni amana kwa aliyepelekewa. Kazi ikiisha ifutwe. Tumeona simu ya kijana mmoja ina pasipoti za watu kumi na wanne, na simu yenyewe hukopeshwa marafiki wakacheze.

Tuje kwa wanaojifanya ni serikali. Ukiandika maneno ya kutafuta kibali katika mtandao, mara nyingi zinazotangulia ni tovuti za wachuuzi, zimepambwa kwa bendera na nembo, nao hutoza mara mbili au mara tatu. Wengine hukuombea kweli na wakala faida. Wengine huchukua pesa na pasipoti yako wasionekane tena. Mlango wa serikali ya Kenya ni etakenya.go.ke. Anwani za serikali hapa huishia kwa go.ke, za Tanzania kwa go.tz, na za Uingereza kwa gov.uk. Itazameni anwani kabla hamjatazama bendera.

Na hili twawaambia vijana khasa. Uingereza ina kibali kama hiki, na Marekani inacho, nacho huitwa ESTA. Vibali hivyo ni vya raia wa nchi maalumu zilizosamehewa viza, na Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Mwenye pasipoti ya Kenya akitaka kwenda London au New York, hata kwa harusi ya wiki moja, sharti aombe viza. Kwa hiyo anayekujia na kukwambia ana njia ya kukutolea kibali cha siku tatu cha kwenda London kwa pasipoti yako ya Kenya, huyo auza kisichokuwapo. Wako waliouza pikipiki zao kwa ajili ya maneno hayo.

Limebaki moja, nalo ni zito. Sisi hatuweki maiti. Anayefariki Alfajiri aghalabu huswaliwa Adhuhuri au Alasiri siku ile ile, na hiyo ndiyo suna ya kuharakisha. Kibali cha siku tatu hakiwezi kuwahi jeneza, wala hatuna ruhusa ya kulichelewesha jeneza kwa ajili yake. Basi jamaa walio mbali wapigiwe simu mapema, mgonjwa akiwa bado ajua nani ameingia chumbani. Kibali cha Kenya huweza kuombwa hata miezi mitatu kabla ya safari. Mwenye mzazi mgonjwa na asiombe kwa sababu aona haya kuonekana kana kwamba amtazamia kifo, haya hiyo haina mahali pake. Aombe. Mzee akipona, atakuja kumtazama akiwa mzima.

Jirani yetu alifariki mwezi wa Januari, binti yake akiwa amekwisha kurudi. Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya hitima yule kijana alitujia akatuuliza kama yampasa kumtaka radhi shangazi yake kwa yale maneno ya hoteli. Tukamwambia yampasa, na kwamba hataenda peke yake, maana na sisi tulikuwapo barazani. Tukampigia simu usiku ule, sote wawili, tukasema tuliyokuwa nayo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Nimewasamehe. Lakini safari nyingine nileteeni maswali. Hata ikiwa ni usiku wa manane, nitayajibu mwenyewe."