Singo ya Mgeni, Piko ya Bibi Harusi

Hoteli kubwa za pwani ya Unguja siku hizi haziuzi tena kitanda, chakula na bahari peke yake. Mgeni anapelekwa shambani kuonyeshwa mikarafuu na midalasini, jioni anapigiwa ngoma, na kesho yake analazwa chini ya feni akasingwa kwa singo. Singo hiyo ni ile ile ya bibi zetu: asumini, mlangilangi, waridi, karafuu na liwa, vitu vinavyotwangwa pamoja na kusuguliwa mwilini ili ngozi iwe laini na inukie. Zamani aliyesingwa alikuwa bibi harusi, kwa siku kadhaa, na aliyemsinga alikuwa somo yake. Mgeni anasingwa kwa saa moja na analipa kwa dola.

Hatuna ugomvi na jambo hilo. Watu wetu wameambiwa kwa miaka mingi kwamba manukato na dawa zao ni ushamba, na si vibaya sasa wakiyaona yanathaminiwa na watu waliotoka mbali. Tena huduma za namna hii si ngeni visiwani. Mjini Unguja yapo mabafu ya Hamamni, yaliyojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Yalijengwa yatumiwe na watu wa mji, siyo na jumba la mfalme tu. Yaliacha kutumika mwaka 1920, na leo watu huenda kuyatazama. Maji moto na kukandwa vimehamia nyuma ya geti lenye mlinzi.

Kinachotusumbua sisi wa ukurasa huu wa afya ni kitu kingine. Katika hoteli yenye utaratibu, mgeni hajaguswa kabla hajajibu maswali: Je, una mimba? Una presha? Kuna kitu kinachoidhuru ngozi yako? Huo ni utaratibu mzuri sana. Lakini binti wa mtaani anayekwenda kuchorwa maua mikononi kwa ajili ya harusi yake haulizwi hata swali moja. Na mara nyingi ndiye anayepakwa piko.

Ndugu msomaji, tutofautishe vitu hivi viwili. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake ni ya machungwa au nyekundu ya kahawia. Inahitaji kukaa mkononi saa kadhaa, na huzidi kukolea siku moja au mbili baadaye. Hakuna mti unaotoa hina nyeusi tititi. Weusi ule wa piko hutokana na rangi ya kupakia nywele, ambayo ndani yake kwa kawaida mna kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kemikali hiyo inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kuchorea ngozi. Kwetu huchanganywa kwa kukisia, ikapakwa moja kwa moja mkononi na mguuni.

Ubaya wa PPD ni kwamba haina haraka. Mtu anaweza kupakwa mara ya kwanza asione kitu, akasema, "Mimi hainidhuru." Kumbe mwili umekwisha kuikataa kimya kimya. Baada ya wiki moja au mbili, au atakapopakwa tena, ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge yanayofuata mchoro ule ule, ua kwa ua. Makovu yanaweza kubaki kwa muda mrefu. Na mwili ukishaikataa kemikali hii, kwa kawaida huikataa maisha yote. Mama huyo akija kupaka nywele rangi akiwa na miaka hamsini, uso wake unaweza kuvimba hadi macho yafumbe.

Wageni nao hawaponi. Anayetoka nje ya geti na kuchorwa ufukweni kwa dakika ishirini hupakwa rangi hiyo hiyo nyeusi, na wapo watoto wa watalii waliorudi makwao na malengelenge.

Hatuwezi kuwalaumu wachoraji peke yao. Wateja ndio wanaodai weusi, kwa kuwa unaonekana vizuri kwenye ngozi yetu na haukawii. Ila kiganja na unyayo hushika hina vizuri kuliko sehemu yoyote, hata kwa mtu mweusi sana. Wazee wetu walijua hivyo, na huko ndiko walikopaka.

Hata hina safi ina mtu isiyemfaa, naye ni mtoto mchanga. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo adimu kwenye maeneo ya malaria kama pwani yetu. Mtoto wa namna hiyo akipakwa hina, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akapata manjano na kuishiwa damu. Akina mama, sikukuu isiwe sababu.

Sasa turudi hotelini. Mwanamke anayemchora mgeni kwa hina safi saa za kazi anaweza kuwa ndiye anayeitwa mtaani jioni na kuombwa piko. Anaijua kazi, na anajua kipi ni safi. Hoteli zinazopata fedha kwa ujuzi wa akina mama hawa zingeweza kuwauzia unga safi wa hina kwa bei ya jumla, na kuwapa karatasi ile ya maswali, kwa Kiswahili, waende nayo nyumbani. Gharama yake haifiki bei ya singo moja. Wafikirie pia mapumziko ya wanaokanda, maana kumkanda mgeni baada ya mgeni huumiza vidole gumba, viganja na kiuno.

Na wewe uliyekwisha kupakwa piko na unaona mkono unawasha, osha kwa maji mengi na sabuni, usitoboe malengelenge, usipake dawa ya meno wala majivu. Nenda zahanati mapema, useme wazi ulichopakwa. Ukipona, mwambie kila msusi atakayekushika kichwa kwamba rangi nyeusi ya nywele si yako.