Dawa za Ebola zilipimwa hapa kwetu. Juu ya nini miradi ya migodi haipimwi?



Tulikuwa ku mkutano katika mgodi moja wa upande wa Lubero, kwa jina la sendika. Mkubwa wa ofisi moja ya serikali alisimama kusoma raporo ya mradi wa usalama wa wachimbaji: seminari zilizofanyika, watu waliofundishwa, kaske zilizogawanywa. Watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja, ambaye bwana yake alifunikwa na udongo mule shimoni, akainua mkono: «Papa, tangu mulitoa hizi kaske, watu wanakufa kidogo kuliko mbele, ao iko sawasawa tu?» Mkubwa akafunua karatasi zake, akarudia kuzifunua. Jibu halikuwa mule. Akasema swali ni nzuri, atalipeleka kwa wakubwa wake. Mpaka leo tunangoja, na zile kaske, zingine tunaziona ku kichwa cha wamotari barabarani Butembo.

Hatuandiki hii juu ya kumchekelea yule mkubwa. Aliombwa kuhesabu seminari, akahesabu seminari. Hakuna aliyemwomba kuhesabu watu waliokufa. Ku ofisi wanaita ile kazi «évaluation». Sisi tunasema tu kupima mradi. Ulitaka kubadilisha nini? Kimebadilika ao hapana? Na kama kimebadilika, ni juu ya mradi, ao ni juu mwaka ule mvua ilikuwa kidogo na mashimo hayakubomoka?

Mtu atasema: hayo ni mambo ya Ulaya, huku kwetu na hii vita haiwezekani. Wandugu, iliwezekana hapa hapa, katika vita, na sisi wenyewe tulikuwa ndani.

Mukumbuke Ebola. Ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2.287. Mwezi wa Novemba 2018, katikati ya ile hatari yote, madaktari wa INRB ya Profesa Muyembe pamoja na wenzao wa Marekani walianza kazi ya kulinganisha dawa, ambazo kisha zilifika nne, katika vituo vya Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Moja kati ya zile nne, ZMapp, ilikuwa na sifa tangu Ebola ya Afrika ya Magharibi. Mtu angeweza kusema: hii tunaijua, tupatie watu wote hii, maneno yaishe. Hawakufanya vile. Kila mgonjwa aliyekubali alipewa moja ya dawa kwa kura, bila kuangalia kama ni mtoto wa mkubwa ao mtoto wa mchimbaji, na kila mmoja akafuatiliwa: siku ya 28 iko hai, ao amekufa? Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Kazi ya kuhesabu haikuachwa.

Tarehe 9 Agosti 2019 wenye kuchunguza hesabu wakasema inatosha, tofauti inaonekana. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 681. Kwa watu mia moja waliopewa ZMapp, yenye sifa, karibu 50 walikufa. Kwa remdesivir, 53. Kwa zile zingine mbili, karibu 35 na 34. Basi zile mbili za kwanza zikasimamishwa, wagonjwa waliofuata wakapewa zile zenye kuokoa. (Moja ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Tunaisema tu kwa furaha.)

Tunajua hasira ya wakati ule, na sisi tulikuwa nayo. Watu walisema: wanatujaribisha sawa panya. Tena mambo mabaya yalifanyika pembeni ya Ebola, mambo ya feza na matendo ya aibu juu ya wanawake. Yale juu ya wanawake, tume huru iliyaandika mwaka 2021. Hatumwoshi mtu. Lakini juu ya zile dawa, mwenye kusadiki ZMapp alikuwa amekosea, na hesabu ilimrudisha ku njia mbele watu wengine hawajakufa.

Sasa turudi ku shimo. Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Nia ilikuwa kukatia wenye bunduki feza. Machi 2011 ikafunguliwa tena. Sisi wa shimo hatukuona raporo yenye kusema: katika ile miezi sita wenye bunduki walipoteza hivi, na watoto waliofukuzwa masomo juu ya kukosa minerval walikuwa hivi. Serikali ilifunga, serikali ikafungua, na katikati yake kila nyumba ilijihesabia yenyewe.

Waliohesabu kwa nguvu ni watu wa vyuo vikuu vya ng'ambo, nao walikuja na swali lao: ile sheria ya Marekani ya Julai 2010 inayoitwa Dodd-Frank, yenye kifungu juu ya madini ya vita. Mwaka 2016 watafiti waliandika kwamba katika vijiji vya karibu na migodi iliyoguswa, vifo vya watoto wachanga viliongezeka zaidi ya mara mbili. Mwaka 2018 wengine wakaandika kwamba mapigano na uporaji viliongezeka katika maeneo yenye migodi ya zahabu. Zahabu, ni kusema sisi. Mwenye kupinga zile hesabu alete zake, tutazisoma. Lakini tuone aibu kidogo: ni watu wa mbali waliotuambia watoto wetu walikufa namna gani, na walituambia kisha miaka sita.

Tangu wakati ule maagizo hayakupunguka. Kulikuwa Code minier ya 2002, ikarekebishwa Machi 2018. SAESSCAM ikawa SAEMAPE mwaka 2017. Kuna karte ya mchimbaji ya kulipia kila mwaka, kuna lazima ya kuingia koperative, kuna zone za kuchimbia, ambazo ukiuliza iko wapi ya karibu na wewe unaonyeshwa mlima wa mbali. Hatusemi hayo yote ni mabaya. Koperative yenye kuongozwa vizuri ni kitu kikubwa. Tunauliza tu swali la yule mama: mchimbaji mwenye karte anauzisha gramu yake kwa bei nzuri kuliko asiye na karte? Anasumbuliwa kidogo ku barieri? Ili kujua, inatosha mtu akae ku mgodi mwezi moja na daftari. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi katika raporo zao kwamba zahabu ya Butembo na Beni inavuka kwenda Uganda na kufika Dubai. Basi badala ya kuongeza barieri nyingine, mtu apime: barieri ngapi mpaka sasa, na kila moja ilizuia nini zaidi ya mkate wetu?

Hata juu ya état de siège, iliyoanza tarehe 6 Mei 2021, walingoja mpaka Agosti 2023 ndipo wakaita watu Kinshasa, siku tatu za kuongea. Kuongea ni kuzuri. Hatukusikia nani alikuwa amepewa kazi ya kupima tangu siku ya kwanza.

Na sisi wenyewe, tuseme kweli. Shimo linabomoka, mtu anakufa, PDG anasema tumzike haraka, tuseme ilikuwa ugonjwa, juu serikali ikijua watafunga mgodi. Na sisi wa sendika tumekwisha kunyamaza, zaidi ya mara moja. Ku raporo ya mwaka wanaandika ajali: sufuri. Ile sufuri tuliwapatia sisi.

Njo maana ombi letu kwa Waziri wa Mines na kwa Division ya Mines ya jimbo linaanzia pale: shimo lenye kutangaza mtu wake aliyekufa lisifungwe juu ya kutangaza. Bila hiyo hakuna hesabu ya kweli. Kisha, mradi mwingine ukikuja, wa kaske, wa karte ao wa kufuata njia ya zahabu, waandike kwanza hali ilivyo: ajali, bei ya gramu, malipo ya njiani, watoto walio ku shimo saa za masomo. Feza haitoshi kuanza ku migodi yote, tunajua. Basi ile ya kuanza ichaguliwe kwa kura mbele ya watu, pasipo simu ya mkubwa fulani. Ile mingine ingoje mwaka moja, na wailinganishe. Mwisho wakuje kusoma matokeo ku mgodi, kwa Kiswahili na Kinande, hata kama matokeo ni mabaya. Kama kaske hazisaidii na shida ni miti ya kushikilia ukuta wa shimo, feza iende ku miti.

Hatungojee barua yao. Sendika imeanza kugawa daftari, moja kwa shimo: tarehe, mvua, nani aliumia na namna gani (jina hapana), bei ya gramu siku ile, na mara ngapi ulilipa njiani mpaka Butembo. Mwisho wa mwezi munaleta kwa delege wenu. Wa kwanza kuchukua daftari alikuwa yule mama wa ku mkutano. Ku mstari wa kwanza ameandika tarehe ya bwana yake.