Kompyuta na Mtoto Asiyeona



Katika barua za mwezi huu imo moja iliyotoka Kifungilo, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Mzazi aliyeiandika ana watoto wawili: binti asomaye sekondari, na mdogo wake wa kiume ambaye macho yake yamepotea nuru. Mwenyezi Mungu amemjalia mavuno mema ya mboga, naye ataka kununua kompyuta moja ya nyumbani. Lakini jamaa zake wamwambia kuwa huyo mdogo hana fungu katika chombo hicho, kwani asiyekiona kishale juu ya kioo atakiongozaje kipanya? Basi mzazi huyu atuuliza: je, kumtolea mtoto huyu fedha ili ajifunze kompyuta ni israfu?

Jawabu letu ni kwamba si israfu hata kidogo, na sababu zake ni hizi.

Hao jamaa hawana nia mbaya, illa wamedhani kuwa kipanya ndicho kompyuta. Kipanya ni mgeni aliyekuja nyuma. Cha kwanza, kilichokuwa na ganda la mti, kilitengenezwa California mwaka 1964 na Douglas Engelbart na mwenziwe Bill English, kikaonyeshwa hadharani tarehe 9 Desemba 1968. Kibodi imetokana na taipureta, nayo ni kongwe kuliko kipanya kwa zaidi ya miaka mia. Tena, moja katika taipureta za kwanza kabisa ilitengenezwa Italia na Pellegrino Turri kwa ajili ya bibi mmoja asiyeona, Carolina Fantoni, apate kuandika barua zake mwenyewe. Baadhi ya barua hizo, za tangu mwaka 1808, zimehifadhiwa hata leo. Kwa hiyo asiyeona akiketi mbele ya vitufe haingii nyumba ya watu, bali arudi katika nyumba ambayo mwenzake alikuwamo tangu msingi.

Wasomaji waliopata kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto waijua ile barabara izungukayo kwa zaidi ya kilomita thelathini. Gari hufuata kila kona, lakini mwenyeji aendaye kwa miguu ana vijia vyake vikatavyo kona mbili tatu kwa mara moja. Ndivyo ilivyo kompyuta. Kipanya ni barabara ya kuzunguka, nayo yahitaji macho kila hatua. Vitufe ni njia za mkato, nazo zahitaji kumbukumbu na vidole tu. Wazee wetu husema njia ya mwongo ni fupi, na kweli mkato katika dini na katika biashara ni jambo la kuogopwa. Bali mkato huu haumdhulumu mtu wala haupunguzi kazi yenyewe.

Sasa tueleze namna yake, kama ilivyo katika kompyuta nyingi zitumiazo Windows. Mtoto apapase herufi F na J: juu ya kila moja ataona kwa kidole kinundu kidogo. Hapo ndipo vidole vya shahada vikaapo, na kutoka hapo herufi zote hufikiwa bila kutazama. Akishafungua kivinjari, Ctrl pamoja na L humpeleka mahali pa kuandika anwani. Ctrl na T humfungulia ukurasa mpya, na Ctrl na W huufunga. Kitufe cha Tab humsogeza kutoka kiungo hata kiungo. Shift na Tab humrudisha nyuma. Enter humwingiza alipochagua. Alt na mshale wa kushoto humrejesha alikotoka. Ctrl na F humtafutia neno ndani ya ukurasa. Na kwa mwenye macho hafifu ambaye bado aona kidogo, Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza maandishi kila abonyezapo.

Huenda mtu akauliza: atajuaje kilichoandikwa? Ziko programu zisomazo kioo kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akisaidiana na James Teh. Nao wote wawili hawaoni. Programu hiyo hutolewa bila malipo, yaweza kubebwa hata katika flashi, na imo ndani yake sauti ya Kiswahili, ingawa ni kavu kama mashine isemavyo. Katika ukurasa wa mtandao, msikilizaji akibonyeza H huruka hata kichwa cha habari kifuatacho, akibonyeza K huruka hata kiungo kifuatacho. Hivyo hana haja ya kungoja ukurasa mzima usomwe toka juu hata chini.

Hatusemi kwamba kila jambo litamwia jepesi. Picha isiyoandikiwa maelezo humpita kimya, na kuchora kwahitaji kipanya. Wala kompyuta isimwachishe nukta nundu, kwani kusikia neno si sawa na kujua tahajia yake. Wilaya hiyo hiyo ya Lushoto ina shule ya wasioona huko Irente, iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri. Mzazi asione haya kwenda kuuliza kwa walimu wenye uzoefu. Elimu hutafutwa ilipo.

Twamwomba binti naye akiweke kipanya kando kwa mwezi mmoja, ajifunze vitufe pamoja na nduguye, vitatu au vinne kila juma. Faida ataipata mwenyewe: mkono wake hautahama hama, na kipanya kikiharibika somo halitasimama. Lakini faida kubwa ni kwamba nyumba haitakuwa na mwanafunzi mmoja na mtazamaji mmoja.

Neno jingine ni kwa vijana wetu mtengenezao kurasa za mtandao za misikiti, madrasa na maduka. Kanuni za kimataifa za mtandao zilizotolewa mwaka 2008 zataka kila kazi ya ukurasa iwezekane kwa kibodi peke yake, na Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Kujipima ni rahisi: ondoa kipanya, bonyeza Tab, uone kama wafika kila mahali. Ukikwama wewe uonaye, basi umemfungia mlango asiyeona.

Nasi Waislamu tuna fundisho kubwa zaidi. Abdullahi bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume alipokuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, na kwa ajili yake zikashuka aya za mwanzo wa Sura Abasa, ya themanini. Baadaye alikuwa mwadhini wa Madina pamoja na Bilal (r.a.), na Mtume akamwachia Madina aiangalie katika baadhi ya safari zake. Huyo hakupewa sadaka tu na kuketishwa pembeni. Alipewa elimu, kisha akapewa kazi. Ni nani basi atakayesema kuwa elimu ya asiyeona ni hasara?

Ewe ndugu yetu wa Kifungilo, nunua kompyuta yako kwa kadiri ya uwezo wako bila kukopa. Iweke sebuleni, ili nyote msikie kisomwacho na kizuiwe kisichofaa. Na siku ya kwanza, kiti cha mbele ya kompyuta mpe yule mdogo.

Wabillahi tawfiq.